Ngoma na Neno: Masimulizi ya Ukoo Milimani Uluguru na Muziki wa Mji wa Morogoro

Kwa miaka mingi wasikilizaji wa Redio Tanzania Dar es Salaam hawakupata habari kabla ya kusikia ngoma. Mpigaji alikuwa Mzee Morris Nyunyusa, mwenyeji wa kusini mwa nchi yetu, kipofu aliyeweza kupiga peke yake ngoma nyingi zilizopangwa kumzunguka. Ngoma ikishanyamaza, ndipo msomaji wa habari aliposema. Watoto wengi waliijua sauti ile kabla hawajajua kusoma, na nyumbani ilikuwa kama amri: ngoma ikilia, mazungumzo yakome. Wachache walijiuliza kwa nini taifa lenye mitambo ya utangazaji liliendelea kuwaita watu wake kwa ngoma. Desturi hiyo ni ya zamani kuliko redio, nayo yataka kuelezwa.

Madhumuni ya insha hii ni kuitazama desturi hiyo katika sehemu moja tu ya nchi, yaani milima ya Uluguru na mji wa Morogoro ulio chini yake. Sehemu hiyo imechaguliwa kwa sababu mbili. Milimani, masimulizi ya ukoo yaliyoambatana na ngoma yalikuwa na kazi ya kisheria, na si burudani peke yake. Na mjini, katika miaka ya 1940 hadi 1970, walitokea wanamuziki ambao Afrika Mashariki nzima iliwasikiliza, nao kazi yao kubwa ilikuwa kusimulia mambo ya watu na jamaa zao juu ya mapigo. Je, kuna uhusiano baina ya mambo haya mawili? Baadhi ya waandishi hukimbilia kusema ndiyo. Mimi nitaomba msomaji aende nami polepole.

Kwanza lugha. Neno ngoma katika Kiswahili, na hali kadhalika katika lugha nyingi za Kibantu, halina maana moja. Ngoma ni chombo kilichowambwa ngozi. Ngoma ni mchezo unaochezwa. Ngoma ni pia shughuli nzima, kama vile ngoma ya mwali au ya jando, pamoja na chakula chake, mafundisho yake, maneno yake na watu wanaostahili kuwapo. Mtu akisema "kwa fulani kuna ngoma", hasemi kwamba kuna chombo kimewekwa uani. Wageni walioandika habari za nchi hii mara nyingi walishika maana ya kwanza na ya pili wakaiacha ya tatu, nayo ndiyo iliyobeba mzigo.

Sasa twende mlimani. Safu ya Uluguru yainuka ghafla kusini mwa mji wa Morogoro. Kilele cha Lupanga, kionekanacho mjini wakati wingu halijakifunika, kina urefu upatao mita 2,138. Kutoka milimani humo hutiririka vijito vingi viingiavyo katika mto Ruvu, ambao maji yake hunywewa na watu wa Dar es Salaam. Jina la Waluguru lenyewe latokana na neno la mlima. Wazee husimulia kwamba watu wao hawakutoka mahali pamoja wala hawakufika siku moja. Walipanda kwa vikundi, kwa njia mbalimbali, wengine wakikimbia vita na njaa mabondeni, na kila kikundi kikafyeka msitu mahali pake. Kwa hiyo hapakuwa na historia moja ya Waluguru iliyosimuliwa na mtu mmoja kwa niaba ya wote. Zilikuwapo historia nyingi, moja kwa kila ukoo.

Ukoo kwa Kiluguru huitwa lukolo, na hesabu ya koo hizo ni zipatazo 50. Mtu huwa wa lukolo la mama yake. Ndani ya lukolo mna milango midogo, na mlango mmoja huitwa tombo, maana yake ziwa la mama, kwa kuwa wote walionyonya katika mstari mmoja wa akina mama ni kitu kimoja. Msafiri apitaye Matombo huonyeshwa majabali mawili yaliyopapatia mahali hapo jina lake. Mashamba yalikuwa ya mlango. Mkuu wa mlango aliyagawa, na alipokufa hakurithiwa na mwanawe, alirithiwa na mpwa wake, mtoto wa dada.

Hapa ndipo lilipo jambo ambalo wanafunzi wetu wa historia wangefaa kulizingatia. Mrithi hakurithi kiti tu, alirithi jina. Mwanzilishi wa mlango aliyefyeka msitu wa kwanza hakuruhusiwa kutoweka: jina lake lilivishwa mrithi, kisha mrithi wa mrithi, hata vizazi na vizazi. Mfano ujulikanao kuliko yote ni wa Kingalu wa Kinole, mashuhuri kwa mvua, ambaye watu wa mbali walimwendea mvua ilipokawia. Wamekuwapo akina Kingalu wengi, na katika miaka yetu hii mwenye jina hilo ametambuliwa kuwa ni Kingalu Mwanabanzi wa 14. Lakini kwa mujibu wa desturi wote ni Kingalu. Mtu aliyerithiwa namna hii aweza kusimulia safari ya zamani kwa kusema "mimi": mimi nilivuka mto ule, mimi nilikuta msitu hauna mwenyewe, mimi nilimpa fulani mahali pa kujenga. Mwalimu wa historia aliyezoea vitabu husikia maneno hayo akadhani mzee amechanganyikiwa. Mzee hakuchanganyikiwa. Anatumia nafsi ya kwanza kama vile hati ya serikali itumiavyo "Serikali" hata baada ya mawaziri kubadilika.

Masimulizi hayo hayakutolewa ovyo. Yalikuwa na mahali pake: wakati wa tambiko kwenye makaburi, wakati wa kumweka mrithi, wakati wa mazishi ya mkubwa, wakati wa kumtoa mwali ndani. Msemaji huita majina ya waliotangulia kwa mpango, kila jina na mahali pake. Ngoma huja baina ya semi. Yeyote aliyewahi kukaa karibu na shughuli za namna hii, Uluguru au kwingineko katika nchi yetu, ameona jinsi mpigaji anavyomsikiliza msemaji: hupunguza mkono neno linapotoka, huongeza linapokwisha. Waliokaa huitikia. Kuitikia huko si pambo. Kila anayeitikia anakubali kwamba lililosemwa ndivyo lilivyo, na kama msemaji ameruka jina au amejipa bonde lisilo lake, ukimya wa watu wa mlango jirani hutosha kumrudisha nyuma. Ngoma huwaleta mashahidi. Mashahidi hulilinda neno.

Kwa nini lilindwe hivyo? Kwa sababu ya ardhi. Mtu asiye wa mlango, aliyepewa mahali pa kulima, alitoa ngoto, yaani zawadi ya kila mavuno kwa mkuu wa mlango wenye ardhi. Ngoto ilikuwa ndogo, na mara nyingine haikuzidi kikapu cha nafaka au kuku, lakini ilisema mengi. Aliyeitoa alikiri kwamba yeye ni mgeni hapo, hata kama babu yake alizaliwa hapo hapo. Na swali la nani ni mgeni na nani ni mwenyeji halikuwa na jibu jingine ila lile masimulizi: nani alifika kwanza, alimkaribisha nani, kwa sababu gani. Wenzetu wa leo hufungua jalada katika ofisi ya ardhi. Mluguru wa zamani alifungua kinywa cha mjomba wake mbele ya watu.

Utawala wa kigeni ulipokuja haukuweza kuvumilia historia nyingi kiasi hicho. Wajerumani waliweka maakida na majumbe. Waingereza, hasa tangu Gavana Donald Cameron alipofika mwaka 1925 na kuanzisha utawala wa kupitia kwa wenyeji, walitaka kila kabila liwe na mtawala wake mkuu. Uluguru haukuwa na mtawala wa namna hiyo. Ulikuwa na wakuu wa milango wengi, na wenye sifa kubwa miongoni mwao kama Kingalu. Kwa hiyo mkuu mwenye nguvu za mvua akafanywa msingi wa Sultani mwenye karani, mahakama na kodi. Tangu hapo historia ya mlango mmoja ikaandikwa katika majalada kama historia ya kabila zima, na milango mingine ikabaki na ya kwao, isiyo na jalada, iliyoendelea kusemwa matambikoni.

Wamisionari nao, waliojenga Morogoro mwaka 1882 na baadaye wakapanda milimani, waliitazama ngoma kwa macho mawili. Ngoma za jando na mwali waliziona kizuizi. Papo hapo walitambua kwamba hapana shule wala ibada itakayokusanya watu pasipo kitu cha kuwaita na kuwafanya waitikie pamoja. Sitaendelea na habari hiyo, maana yahitaji insha yake.

Mwaka 1955 lilitokea jambo lililoonyesha umbali baina ya majalada na milango. Serikali ya kikoloni ilikuwa imeanzisha, mnamo mwaka 1950, mpango wa matumizi ya ardhi ya Uluguru, ambao uliwalazimisha watu kuchimba matuta ya ngazi kwenye miteremko ili kuzuia mmomonyoko. Shabaha yenyewe haikuwa mbaya. Maji ya Ruvu yalikuwa yakichafuka na miteremko ikivuliwa udongo. Lakini matuta yale yalifukia udongo mzuri wa juu na kuibua wa chini usiootesha kitu, kazi yake ilikuwa nzito mno, na aliyekataa alishtakiwa. Juu ya hayo, watu waliuliza: aliyeamuru shamba la mlango lichimbwe ni nani, na ameliomba kwa nani? Sultani na watu wake walikuwa upande wa amri. Mwezi Julai mwaka huo ghasia zikazuka Matombo, polisi wakafyatua risasi, na mtu mmoja akauawa. Mpango wa matuta ulivunjika. Vitabu vingi vya shule huyataja matukio haya kama hatua ya kupigania uhuru, na ndivyo yalivyokuwa. Hata hivyo yatupasa kuona pia kwamba wakulima wale walikuwa wakitetea hati zao, nazo zilikuwa hati za maneno.

Miaka mitatu baadaye, mwaka 1958, Padri Canute Mzuanda alitoa kwa Kiswahili kazi iitwayo Historia ya Uluguru, iliyokusanya habari za koo kutoka kwa wazee. Ni kazi ya kushukuriwa sana. Lakini tukiilinganisha na tambiko, twaona kitu kimepungua pasipo kosa la mwandishi: karatasi haiitikiwi. Msomaji akikuta bonde limepewa mlango usiostahili, hana pa kunyamazia.

Uhuru ukaja. Katika hotuba yake ya tarehe 10 Desemba 1962 Mwalimu Nyerere alitangaza kuundwa kwa Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, na mwaka uliofuata vyeo vya machifu vikafutwa katika mpango wa serikali. Ngoma zikapandishwa heshima: zikaingia shuleni, viwanjani, katika mapokezi ya wageni, na kikundi cha ngoma cha taifa kikaundwa. Hatuna budi kulisifu jambo hilo, kwa kuwa kizazi kilichofundishwa kuzionea haya ngoma zake kilizipata tena hadharani. Ila nitasema wazi ninaloliona kuwa ni upungufu. Ngoma iliyopelekwa jukwaani ilipewa dakika chache, na kitu cha kwanza kuachwa kilikuwa maneno. Sindimba ya Wamakonde ilienea nchi nzima kwa kiuno chake, na wachache kati ya walioipigia makofi waliweza kueleza ilihusu nini. Ngoma za mlimani nazo zilipata bahati hiyo hiyo. Wachezaji walivaa njuga, wakaingia, wakacheza vizuri, wakatoka. Majina ya waliotangulia hayakuitwa, na yangeitwaje mbele ya watu wasiokuwa mashahidi?

Basi tushuke mjini. Reli ya kati ilifika Morogoro mwaka 1907, na mashamba ya mkonge yaliyozunguka mji yalivuta watu wa makabila mengi: Waluguru walioshuka, Wazigua, Wakutu, Wazaramo, Wanyamwezi na wengine waliotoka mbali zaidi. Watu hao hawakuwa na kaburi la pamoja la kutambikia. Walikuwa na utani, ambao ulisaidia sana mazishini, walikuwa na Kiswahili, na baadaye walikuwa na santuri. Katika miaka ya 1930 na 1940 sahani za muziki wa Cuba zenye alama ya GV zilisikika kila palipokuwa na santuri, na vijana wakashika tumba, manyanga na vijiti vya kugongesha. Bendi ya Morogoro Jazz ilianza mwaka 1944.

Salum Abdallah alizaliwa Morogoro mwaka 1928, katika nyumba iliyochanganya damu ya Kiarabu na ya Kiluguru. Husimuliwa kwamba alipokuwa kijana alitoroka nyumbani akikusudia kwenda Cuba, akaishia Mombasa. Iwe kweli au iwe imetiwa chumvi, hadithi hiyo yamfaa, kwa sababu Cuba aliyoitafuta aliijenga Morogoro: mwaka 1948 alianzisha bendi ya La Paloma, ambayo baadaye iliitwa Cuban Marimba. Ushindani wa bendi hiyo na Morogoro Jazz uliufanya mji mdogo uwe na sifa kuliko miji mikubwa. Salum Abdallah alikufa kwa ajali ya barabarani mwaka 1965, na Juma Kilaza akaiongoza bendi baada yake.

Katika Morogoro Jazz alitokea Mbaraka Mwinshehe Mwaruka, aliyezaliwa mwaka 1944, mwaka ule ule bendi ilipoanza. Alijiunga nayo katika miaka ya 1960, akaenda nayo Osaka, Japani, katika maonyesho ya dunia ya mwaka 1970, akatoka mwaka 1973 na kuunda Super Volcano. Alikuwa hodari wa gitaa, na hilo limesemwa mara nyingi mno. Lililosemwa mara chache ni kwamba alikuwa msimulizi. Safari ya Japani aliitolea wimbo uitwao Expo 70. Dokta Wilbert Kleruu, Mkuu wa Mkoa wa Iringa, alipouawa siku ya Krismasi mwaka 1971, Mbaraka alimwimbia. Wimbo wake Shida, uliopendwa Tanzania na Kenya, wapendwa hata leo. Katika nyimbo za namna hii hakuna haraka. Mwimbaji aeleza nani alisema nini, nani alikataa, ndugu walipokaa walishauriana vipi, na mara nyingine sauti yake hushuka hata ikakaribia kuwa mazungumzo ya kawaida. Wenzake huitikia. Kisha habari ikiisha, mapigo huongezeka, magitaa huchangamka, maneno huwa machache, na watu wanaingia uwanjani: sehemu hiyo ndiyo iitwayo chemko.

Mtu aliyesoma mpaka hapa atashawishika kusema kwamba Mbaraka alilichukua tambiko la Kiluguru akalitia umeme. Mimi sikubali. Mapigo yale kwa sehemu kubwa yalitoka Cuba na Kongo, na wapigaji wa bendi hizo walikuwa watu wa makabila mbalimbali. Yafaa pia kukumbuka kwamba mapigo ya Cuba yenyewe yalivushwa bahari na Waafrika waliopelekwa utumwani, kwa hiyo kuyaita ya kigeni ni nusu tu ya ukweli. Jambo ninalolikubali ni dogo zaidi, na nadhani lina uzito zaidi. Wasikilizaji wa Morogoro walikuwa wamelelewa mahali ambapo ngoma huandaa neno, neno husemwa kwa ukamilifu wake, watu huitikia, ndipo mwili hupewa nafasi. Mwanamuziki aliyewaletea mpango huo waliuelewa bila kufundishwa. Kama angewapa mapigo matupu kama ya jukwaani, wangecheza. Kama angewapa hotuba, wangeondoka. Wimbo wa dansi wa Morogoro ulirudisha maneno yale ambayo jukwaa lilikuwa limeyaacha nje, ingawa yalikuwa sasa maneno ya wapangaji na mashemeji, ya pesa na safari, badala ya maneno ya mabonde.

Tofauti iliyobaki ni ya ushahidi. Katika tambiko walioitikia waliweza kumsahihisha msemaji, kwa kuwa walikuwa jamaa zake. Katika dansi walioitikia ni wanamuziki waliolipwa kuitikia, na msikilizaji wa Mombasa au Mwanza hakumjua shemeji aliyeimbwa. Hata hivyo barua za wasikilizaji na mabishano ya vibarazani yalifanya sehemu ya kazi hiyo. Watu walibishana juu ya wimbo kana kwamba ni kesi: mume yule alikosa au hakukosa? Walimu wa fasihi wanaotafuta mfano wa hadhira kushiriki katika simulizi wasiende mbali.

Mwezi Januari 1979 Mbaraka Mwinshehe alikufa katika ajali ya gari mjini Mombasa, wakati ambapo mpaka wa Tanzania na Kenya ulikuwa umefungwa tangu mwaka 1977. Hapakuwa na mpwa wa kuvishwa jina lake, wala bendi haina desturi hiyo. Lakini sahani zilibaki, pamoja na kanda za Redio Tanzania. Mwaka 2000 nyimbo za Salum Abdallah zilitolewa upya Ujerumani katika diski iitwayo Ngoma Iko Huku, miaka 35 baada ya kufa kwake. Mtu akiiweka leo, kwanza husikia vijiti na tumba. Kisha sauti ya mtu wa Morogoro yaanza kusema "mimi".